Mzee Waitara na Dawa ya Zambarau

Kwa miezi mitano Mzee Waitara hakukaa kitako mbele ya watu, na kijiji kizima cha Machochwe kikadhani ni kiburi. Kanisani alisimama nyuma, ameegemea ukuta karibu na mlango. Kwenye kikao cha wazee alisimama pia, fimbo mkononi, na ukimsogezea kigoda alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Hata msibani, ambako kila mtu hukaa, yeye alizungukazunguka akijifanya anawaelekeza wanaoingia. "Siku hizi mzee amekuwa mkubwa," watu walinong'ona. "Tangu atuletee daktari, hataki kukaa na sisi."

Wangejua wangemwonea huruma, na huruma ndiyo aliyoiogopa kuliko kifo. Mzee Waitara alikuwa na bawasiri. Ilianza na damu, matone matatu juu ya sakafu ya choo, asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua ya masika ikinyesha. Akayatazama, akayamwagia maji, akatoka kama hakuona kitu. Baadaye kikaja kinyama laini kama ulimi wa ndama, kinachojitokeza akijikamua na kurudi chenyewe akisimama. Baadaye zaidi kikaacha kurudi chenyewe, ikabidi akisukume ndani kwa kidole. Mtu wa miaka hamsini na tisa, baba wa watoto sita, amechuchumaa kwenye choo cha mabati, jasho linamchuruzika, anajirudisha ndani mwenyewe. Siku ya kutahiriwa kwake hakupepesa hata ukope, wazee wakamsifu. Chooni humo alilia.

Na usidhani alikuwa mtu asiyejua miili. Kutoka Machochwe hadi Mbalibali, ng'ombe akishindwa kuzaa aliitwa yeye. Alikuwa na sanduku la bati lenye sindano, dawa ya minyoo, kamba ya kuvutia ndama na kopo la dawa ya kupulizia vidonda, ile inayoacha rangi ya zambarau kwenye ngozi ya mnyama siku nyingi. Ng'ombe akitokwa na kizazi baada ya kuzaa, Waitara alikimwagia sukari, uvimbe ukanywea, akakisukuma ndani kwa ngumi taratibu, na wiki iliyofuata ng'ombe alikuwa malishoni. Wenye ng'ombe walimshukuru kwa kuku. Lakini mganga hajigangi, na huyu alikuwa na sababu zaidi ya hiyo.

Utauliza, kama wanavyouliza watu wa mjini: si aende zahanati? Zahanati ilikuwepo, tena umbali wa kurusha jiwe. Tatizo lilikuwa aliyemo ndani.

Zahanati ile wanakijiji waliijenga kwa mikono yao, wakasomba mawe na mchanga, halafu ikakaa miaka miwili bila tabibu. Waitara ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yake. Alikwenda ofisi ya wilaya mjini Mugumu mara tatu kudai tabibu, mara ya tatu akasema hatoki kwenye ile ofisi mpaka apewe jibu, akakaa kwenye benchi kutwa nzima. Enzi hizo bado alikuwa anakaa. Mwisho wakamwambia nenda mzee, tunakuletea mtu. Kweli wakaleta. Aliposhuka kwenye gari na begi lake, Waitara alimtambua kabla hajageuza uso: Beatrice, mke wa mwanawe Rubeni, aliyekuwa akifanya kazi kituo kimoja upande wa Musoma. Rubeni mwenyewe ni fundi wa kuchomelea huko Bomani, mjini Tarime, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Waliompangia Beatrice kazi Machochwe waliona wamemfanyia mzee hisani kubwa.

Kijiji kilishangilia. Waitara akachinja mbuzi. Ni mkewe tu, Gati, aliyeuliza wakati wa kuosha vyombo, "Na wewe ukiugua utatibiwa na nani?"

"Mimi siugui," akajibu Waitara.

Kwa maana alilelewa hivi, na baba yake alilelewa hivyo: mke wa mwanao humpi mkono. Huingii nyumbani kwake, naye haingii chumbani kwako. Huli mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja anapisha, anageukia mahindi mpaka mwenzake apite. Ukiwa na neno, unampa mkeo alipeleke. Watu wa kwao huiita insoni, ambayo ni heshima na aibu zilizofungwa kamba moja. Katika miaka saba tangu Rubeni aoe, Waitara hakuwahi kumwambia Beatrice neno lolote moja kwa moja, wala kutamka jina lake. Alimwita "mke wa Rubeni", tena asipokuwepo. Sasa mtu wa namna hiyo aende akavue suruali mbele yake? Afadhali ardhi impasukie.

Kwa hiyo kila mtu Machochwe alitibiwa na daktari aliyeletwa na Waitara, isipokuwa Waitara.

Tena kulikuwa na habari ya Nashoni. Nashoni alikuwa rika lake, walitahiriwa siku moja. Mwaka uliotangulia alianza kutoka damu hukohuko, akanyamaza, akakonda, na siku moja akamwambia Waitara peke yake, "Mwenzangu, mimi naoza kwa chini." Waitara alimpa mkono tu. Wiki tatu baadaye walimzika, na watu wakasema karogwa na ndugu zake kwa ajili ya shamba. Basi Waitara alipoona damu yake mwenyewe hakuhitaji mganga kumwambia. Alijua njia anayoifuata na alijua inaishia wapi. Jioni, akirudisha ng'ombe, alijikuta akichagua mahali pa kaburi lake, halafu akijikemea.

Alijaribu. Msimseme kwamba hakujaribu. Alikwenda Mugumu kwenye duka la dawa la Tamimu, mtu mpole asiyemjua, akafika kaunta. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wawili. Akasema, "Naharisha damu." Uongo mtupu, wiki ile choo chake kilikuwa kigumu kama punje za mahindi makavu. Tamimu akamwambia, "Mzee, kuhara damu ni jambo la kupimwa. Nenda hospitali." Waitara akasisitiza, ni kuhara tu, imezidi, nipe cha kuzuia. Akapewa vidonge vya kuzuia kuharisha, akavimeza kwa bidii, vikafanya kazi yao sawasawa. Siku sita hakwenda choo. Siku ya saba alipokwenda, Gati alisikia kilio akiwa jikoni akadhani ni mbuzi kanaswa kwenye uzio.

Kuanzia hapo akaogopa choo kama mtoto anavyoogopa sindano. Akawaza: asiyekula, atajisaidia nini? Akapunguza ugali. Mboga za majani akaziacha kabisa, akisema ni chakula cha ng'ombe. Maji akanywa kikombe kimoja kwa siku, asije akasumbuliwa na tumbo. Alikula kipande cha nyama choma na chai kavu, basi. Kila alichokifanya kujiokoa kilikuwa kinamzamisha, wala hakuwepo wa kumwambia, maana aliyejua alikuwa anapishana naye kwenye mahindi.

Alikwenda hata hospitali. Alifika mapema, akajiandikisha, dada wa mapokezi akatazama kadi yake ya bima. "Mzee, kwa kadi hii unaanzia zahanati ya kwenu, tabibu wenu anakuandikia barua ya rufaa. Lakini kama ni dharura tunakupokea sasa hivi. Ni dharura?" Waitara akageuka. Kwenye benchi walikaa watu wawili wa Machochwe wakimtazama kwa masikio. "Hapana," akasema. "Ni tumbo tu." Akarudi nyumbani kwa pikipiki, kilomita zote hizo za makorongo amejining'iniza nusu, amesimamia vyuma vya miguu. Dereva alidhani mzee anaogopa mwendo.

Ndipo akafungua sanduku lake la bati. Kama dawa inakausha kidonda cha ng'ombe, ngozi nene ile, ya mtu itashinda? Alijipulizia. Sitasimulia alivyoruka. Lakini maumivu yalipopoa akaona kama kuna nafuu, na mtu aliyekata tamaa akiona kama, anaona kweli. Akajipulizia kila siku kwa wiki tatu.

Mwezi wa tisa, asubuhi ya Jumamosi, ng'ombe wake mwekundu alishikwa na uchungu, ndama akawa mkubwa. Waitara akafunga kamba kwenye miguu ya ndama, akakanyaga gogo, akavuta. Alishajua hapaswi kuvuta. Kizunguzungu kilikuwa kinamsumbua wiki nzima, mbele ya macho vitu vyeusi vikimrukaruka, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Lakini ng'ombe alikuwa anamtazama. Akabana pumzi, akavuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Ndama akatoka hai. Na Waitara akasikia ndani yake kitu kinafunguka na kutoka chote, na maumivu ambayo hakujua kwamba yapo duniani. Akaanguka kifudifudi kwenye samadi kando ya ndama. Damu ilikuwa imelowesha suruali mpaka magotini.

Gati alimkuta hapo. Kwa msaada wa jirani yao Simioni alimbeba mpaka chumbani, akamlaza kwa tumbo kitandani. Simioni akaambiwa mzee kapigwa teke na ng'ombe, akakimbilia gari lake dogo la mizigo alitengeneze, maana lilikuwa halijawaka siku mbili.

"Namwita Beatrice," Gati akasema.

"Hapana."

"Baba Rubeni, unakufa."

"Nife. Nashoni alikufa. Mimi ni nani?" Alishika mkono wa mkewe, na machozi yakamtoka bila kuficha. "Mama Rubeni, usiniaibishe. Nizike na heshima yangu. Hilo tu nakuomba."

Gati aliutoa mkono wake, kidole kimoja kimoja, akatoka.

Dakika chache baadaye kivuli kikasimama nje ya dirisha. Beatrice alikuja mbio na koti lake la kazi, lakini alipofika alisimama chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso kwa zizi. Hakuchungulia. Hata sasa alimtunzia mzee heshima yake, na Waitara, katika maumivu yale, aliliona hilo.

"Mama," sauti ikaja kutoka nje, "muulize baba, damu ni nyekundu inayong'aa, au nyeusi kama lami?"

Gati alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kitandani. Hata hivyo akarudia. "Anauliza damu ni nyekundu au nyeusi."

"Mwambie nyekundu."

"Anasema nyekundu."

"Nimesikia, mama. Muulize imeanza lini."

"Mwambie wiki iliyopita."

Gati akamtazama mumewe. "Anasema wiki iliyopita. Ni uongo. Hajakaa kitako tangu masika."

"Najua, mama," Beatrice akasema, na sauti ilikuwa ya chini. "Kuna kitu kimetoka nje? Kinarudi?"

Waitara akauma mto. Kisha akatikisa kichwa.

"Kimetoka, hakirudi," Gati akasema.

"Basi lazima kiangaliwe sasa hivi, nijue la kufanya kabla ya safari. Mimi siingii. Wewe ndiye utakuwa macho yangu. Nawa mikono, chukua tochi ya simu, mwangalie, uniambie kila unachokiona."

"Mimi?" Gati akashika kifua. "Mwanangu, miaka thelathini na nane nimelala na mtu huyu, huko sijawahi kutazama."

"Leo utatazama, mama."

Akatazama. Waitara alifumba macho. Kuna aibu ambayo ukiifikia unaona kama umeshakufa, na unashangaa mbona bado unasikia jogoo. Alihisi joto la taa ya simu.

"Yesu wangu," Gati akasema. "Beatrice. Ni zambarau."

Nje, koti la Beatrice lilikwaruza ukuta.

"Zambarau yote, au sehemu?"

"Yote! Na pembeni yake. Zambarau kama joho la askofu!"

"Mama, una hakika?"

"Nina macho!"

Waitara alisikia mgongo wa mkwe wake ukiteleza ukutani mpaka chini. "Mama," Beatrice akasema, na sasa haikuwa tena sauti ya daktari, "hiyo ni nyama iliyokosa damu. Imebanwa, inaoza. Ikioza yote namna hiyo, sumu huingia mwilini. Sijui... sijui kama Mugumu tutafika." Kisha akaanza kulia. "Ni mimi. Nilimwona amesimama kanisani tangu mwezi wa tano. Daktari anaona. Nilijua, nikanyamaza, nikasema ni baba mkwe, nitamwambiaje?"

Gati aliposikia hivyo, alitupa simu kitandani, akaweka mikono kichwani na kupiga yowe. Na yowe la Machochwe halilii peke yake. Nyumba ya pili ikaitikia, kisha ya tatu. Waitara akasikia milango, miguu inakimbia, watu wanakuja kumzika hali anasikia. Moyoni alijua kitu ambacho mkewe hakukijua wala mkwe wake hakukijua. Akiendelea kunyamaza atabaki na heshima yake, na hawa wanawake wawili watalia kwa kosa lisilo lao, na msichana yule nje atabeba kifo chake maisha yake yote kwa sababu ya kopo. Alijaribu kumwambia Gati. Gati hakusikia, alikuwa anapiga yowe.

"Mke wa Rubeni!" Waitara akaita.

Yowe likakatika katikati.

"Beatrice," akasema, na jina likamkwaruza koo. "Usilie. Si nyama kuoza. Ni dawa. Nilijipulizia dawa ya ng'ombe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza ambayo Mzee Waitara alimwambia mke wa mwanawe katika miaka saba, na kama angepewa mwaka mzima wa kuchagua, asingepata mabaya zaidi.

"Ya kopo?" Beatrice akauliza.

"Ya kopo."

"Mara ngapi, baba?"

"Kila siku. Wiki tatu."

Paa halikuanguka. Beatrice alivuta kamasi, akasimama, na daktari akarudi katika sauti yake. "Mama, chukua mafuta ya kupikia na kitambaa laini. Futa taratibu, usisugue. Zambarau ya dawa itafifia. Ya ugonjwa haifutiki."

Gati akafuta. Nje watu walikuwa wameshafika, na Beatrice akawasimamisha uani, akawaambia mzee amepigwa teke na ng'ombe, yuko hai, wakamsukumie Simioni gari liwake. Akarudi dirishani. Gati alikuwa anahesabu kwa kunong'ona. Viko vitatu, akasema. Kimoja kimekuwa chekundu. Cha pili chekundu. Cha tatu akafuta, akaongeza mafuta, akafuta tena, mpaka Waitara akaguna.

"Cha tatu hakitoki," Gati akasema.

Waitara alisikia jinsi Beatrice alivyovuta pumzi. Kimoja kilikuwa zambarau kweli.

"Sawa," Beatrice akasema. "Kimoja si vitatu. Bado kuna muda, lakini si mwingi. Mama, sukari ipo? Mwaga sukari juu ya vilivyovimba, weka kitambaa kibichi cha maji baridi. Itavuta maji, uvimbe upungue njiani."

Sukari. Waitara alianza kucheka ndani ya mto, kicheko kilichokuwa kilio. Ng'ombe wangapi amewamwagia sukari kwa mikono yake hii. Kwa ng'ombe alifikiri. Kwake aliogopa tu.

Walimpakia kwenye gari la Simioni akiwa amelala kwa tumbo juu ya godoro, Gati amekaa kichwani kwake. Beatrice alikaa mbele na hakugeuka nyuma hata mara moja. Lakini kila baada ya mwendo aliuliza kupitia kidirisha kidogo, "Mama, baba yupo?" na Gati akajibu, "Yupo." Kila jiwe la barabara ile lilimwingia Waitara mwilini. Damu iliendelea. Mbingu ikaanza kuwa nyeupe, masikio yakavuma, akamwona Nashoni amekaa pembeni ya godoro akimpa mkono. Akamwambia Nashoni, ngoja. Hakuwa na uhakika kama Nashoni atangoja.

"Mama, baba yupo?"

Gati alikuwa analia, khanga mdomoni. "Mama!" Beatrice akapiga kioo. "Mama, jibu! Yupo?"

Waitara akautafuta mdomo wake mahali ulipokuwa. "Nipo," akasema.

Kwenye mlango wa hospitali Beatrice alitoa karatasi kwenye mfuko wa koti na kuiweka juu ya godoro, kando ya mkono wake, kwa maana humpi mkono. Ilikuwa barua ya rufaa. Jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri, na mhuri tayari. Kuhusu ugonjwa palikuwa patupu, alikuwa hajaweza kujaza bila kumwuliza, na sasa alipajaza kwa kalamu akiwa amesimama. Waitara aliona tarehe. Ilikuwa ya mwezi wa tano. Karatasi ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kukatika.

Walimwongezea chupa mbili za damu, wakampasua jioni ileile. Siku tatu zilikuwa mbaya, homa ilipanda na Gati akamwita mchungaji. Siku ya nne ilishuka. Daktari aliyempasua, kijana mwenye ndevu changa, akavuta kiti na kumweleza bila kupunguza sauti. Mishipa hiyo ya damu kila mtu anayo, mzee, akasema, na yako ilivimba kwa sababu ya kujikamua, choo kigumu, kukaa chooni muda mrefu na kuinua vizito. Si uchawi wala si laana. Alimwangalia ndani kwa kifaa kuhakikisha damu haikutoka juu zaidi, maana damu ya huko chini mtu hajui ni ya nini mpaka iangaliwe, na wengine wanaiita bawasiri kumbe ni saratani, wanachelewa. Waitara akamfikiria Nashoni, akageukia ukuta. Daktari akaendelea: maji mengi, mboga za majani, papai, ugali wa unga usiokobolewa, ukibanwa usizuie, na ukiona damu usingoje.

"Na dawa ya ng'ombe?" daktari akauliza, akizuia tabasamu.

"Iko kwenye sanduku," Waitara akasema. "Ya ng'ombe."

Sasa imepita miezi kadhaa. Mzee Waitara anakaa. Anakaa kwenye kigoda kanisani, na watu wanasema kiburi kimemwisha. Habari ya teke la ng'ombe imebaki vilevile, na ng'ombe mwekundu wa watu anabeba lawama asiyostahili. Insoni nayo imebaki. Beatrice bado anapisha kwenye mahindi, na Waitara hajaingia nyumbani kwake wala hajamtaja jina tena.

Lakini kila jioni, Beatrice akitoka zahanati, hupita kando ya zizi, hapo ambapo mzee huwa anakamua. Husimama nje ya uzio, uso kwenye njia, na kumwuliza ng'ombe mwekundu kwa sauti.

"Wewe ng'ombe, umekunywa maji leo?"

Na Waitara, kichwa ubavuni mwa ng'ombe, humjibia. "Amekunywa. Ndoo nzima."

"Majani umekula?"

"Amekula mpaka amechoka nayo."

"Haya. Lala salama." Kisha huenda zake, na Gati hucheka peke yake jikoni.

Juzi jioni Beatrice aliuliza kama kawaida, maji, majani. Maziwa yaliacha kulia kwenye ndoo. Waitara alikuwa na mkono kwenye kiwele, na alijua kabisa kwamba angeweza kusema amekunywa, amekula, na msichana angeenda zake.

"Amekunywa," akasema. "Amekula. Lakini leo asubuhi ng'ombe ametoka damu. Matone matatu."

Beatrice aliweka begi lake chini, mgongo bado umeelekea zizi. "Mama," akaita kuelekea jikoni, "nawa mikono, ulete tochi."